Kukausha mimea mahali penye mvua: njia ya Ellen Hutchins kwa mtu wa Bukavu

Mmea uliochumwa Bukavu mwezi wa tatu na kuachwa kati ya kurasa za daftari huota ukungu ndani ya siku chache. Kwanza majani huwa meusi, kisha maua huanguka, na mwisho hubaki doa la kahawia ambalo hata aliyelichuma hawezi kulitambua. Watu wengi hukata tamaa hapo. Huamini kwamba kazi ya kuhifadhi mimea inataka maabara, mashine na hewa kavu ambayo Kivu haina kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano.

Ghuba ya Bantry, kusini-magharibi mwa Ireland, nayo haina hewa kavu. Upepo wa bahari huleta mvua huko mwaka mzima, na mawe hufunikwa na mosi, yaani vile vijani vifupi na laini vinavyotanda kama zulia. Huko, kwenye nyumba ya Ballylickey, alizaliwa Ellen Hutchins mwaka 1785. Alisoma Dublin, akaugua, na daktari aliyemtunza, Whitley Stokes, akamshauri ajifunze mimea kwa ajili ya afya yake. Baadaye akarudi nyumbani kumuuguza mama yake na kaka yake mlemavu. Alifariki mwaka 1815, kabla ya kutimiza miaka 30. Muda wake wa kazi ulikuwa miaka michache tu, tena katikati ya ugonjwa na uuguzi. Hata hivyo aliandika orodha ya mimea ipatayo 1,100 ya eneo lake, akachora mamia ya picha za mwani, yaani mimea ya baharini, kwa rangi za maji, na akapata aina kadhaa ambazo hakuna mtaalamu aliyekuwa amezieleza. Mtaalamu wa mimea Robert Brown aliipa jenasi moja, yaani kundi la aina zilizo ndugu, ya mimea ya milimani jina la Hutchinsia kwa heshima yake.

Jambo linalotuhusu zaidi ni hili: mtaalamu aliyeandikiana na Hutchins kwa miaka saba kuanzia 1807, Dawson Turner wa Great Yarmouth huko Uingereza, hakuwahi kuonana naye hata siku moja. Yote aliyoyajua Turner juu ya ghuba ya Bantry yalimfikia ndani ya vifurushi, yaani mimea mikavu, michoro na barua. Sampuli za Hutchins bado zinasomwa leo, miaka 200 baadaye, kwa sababu zilikaushwa vizuri na ziliandikwa zimetoka wapi. Kazi hiyo hata Bukavu inawezekana, kwa vifaa vya soko la Kadutu.

Vifaa

Kinachohitajika kwanza ni kibanio. Mwambie seremala akutengenezee fremu mbili za vibao vyembamba, kila moja sentimita 30 kwa 45, vibao vipishane kama wavu ili hewa ipite. Mbao nzima bila matundu hufungia unyevu ndani, na huo ndio ukungu wako wa wiki ijayo. Mikanda ya kufungia ikate kutoka mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Mpira ni bora kuliko kamba kwa sababu mimea hupungua unene inapokauka. Kamba hulegea, mpira huendelea kukaza wenyewe.

Magazeti ndiyo karatasi nzuri ya kunyonya maji, lakini mjini kwetu si rahisi kuyapata kwa wingi. Karatasi za kopi zilizotumika zinafaa kwa mimea midogo. Mifuko ya saruji ina karatasi kadhaa zilizopangana. Tupa ile iliyogusa saruji, chukua zilizobaki safi, zikung'ute nje na kuzipangusa kwa kitambaa kikavu. Vumbi la saruji lina chokaa, na chokaa hubadilisha rangi ya maua ya zambarau na mekundu. Karatasi ya kung'aa ya magazeti ya picha usiitumie kabisa, maana hainyonyi maji.

Tafuta pia maboksi ya kartoni yenye mifereji ndani. Kata vipande vya sentimita 30 kwa 45, mifereji yote ielekee upande mmoja, ule mfupi. Vipande 20 vinatosha kuanza. Ongeza kisu, penseli, daftari dogo, mifuko ya plastiki ya kubebea, bahasha za karatasi, na lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Kalamu ya wino iache nyumbani, kwa sababu tone moja la mvua linaweza kufuta kazi ya siku nzima.

Kuchuma

Ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega hakuna kuchuma chochote, hata jani lililoanguka, bila ruhusa ya maandishi ya ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia mbuga. Kwenye shamba au ua wa mtu, omba. Mama anayelima kando ya njia msalimie kwanza, kisha uulize: «Jambo mama, haya majani munayaita namna gani?» Jibu lake liandike jinsi alivyolitamka, pamoja na lugha. Mmea mmoja mchungu wa nyuani, ambao wataalamu huuita Vernonia amygdalina, kwa Mashi ni mubirizi, na wengine wa Kivu huuita mululuza. Ukiandika jina moja bila lugha yake, atakayesoma baadaye atadhani ni mimea miwili.

Chuma umande ukishakauka, tangu saa nne asubuhi, na uwe umerudi kabla ya mvua ya mchana. Mmea uliolowa kwa mvua huchukua siku mbili zaidi kukauka. Kama hukuwa na namna, ukung'ute na uuning'inize kivulini saa moja kabla ya kuubana.

Chukua tawi lenye majani pamoja na maua au matunda. Tawi la majani matupu mara nyingi haliwezi kutambulika, hata na bingwa. Mimea midogo ing'oe na mizizi yake, uioshe udongo. Kwa mti, tawi la sentimita 30 linatosha, ila andika urefu wa mti na jinsi gome lilivyo. Chuma sehemu tatu za mmea uleule na zote uzipe namba moja: moja yako, moja ya hebaria, yaani ghala la mimea mikavu, na moja ya mtaalamu wa mbali. Lakini hesabu kwanza. Usipoona angalau mimea 20 ya aina hiyo mahali hapo, usiing'oe. Kata kipande kidogo au piga picha tu.

Kila mmea upate namba palepale, siyo nyumbani. Namba ziende mfululizo maisha yako yote, 1, 2, 3, bila kuanza upya kila mwaka, ili namba 47 yako isije ikawa na pacha. Katika daftari andika yale ambayo mmea mkavu hautayasema: rangi ya ua, harufu, utomvu na rangi yake, urefu, umeota juani au kivulini, kwenye udongo wa namna gani, na jirani zake ni nani. Simu itakupa vipimo vya mahali na mwinuko. Mwinuko ulinganishe na ziwa, ambalo liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Simu ikikuambia uko mita 1,300 ukiwa ufukweni, imekosea.

Kubana na kukausha

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Panga hivi kuanzia chini: fremu, kartoni, karatasi tatu za kunyonya, karatasi iliyokunjwa yenye mmea ndani, karatasi tatu nyingine, kartoni, na kuendelea. Namba ya mmea iandikwe kwenye ukingo wa karatasi iliyokunjwa, na mmea usihame kamwe kutoka karatasi hiyo hadi ukauke. Utakazokuwa unabadilisha ni zile za kunyonya tu. Jani moja au mawili yageuze ili mgongo wake uonekane, kwani vinyweleo na mishipa ya upande wa chini ndivyo hutofautisha ndugu wa karibu. Ua moja lipasue na ulitandaze wazi. Tawi refu likunje kama herufi V au N, usilikate. Majani yakizidi, yapunguze, lakini acha kikonyo kionyeshe palipokuwa na jani.

Funga mikanda kwa nguvu zote, piga goti juu ya kibanio kama unafunga mzigo wa baiskeli. Kibanio kilicholegea hutoa majani yaliyojikunja kama tumbaku.

Baada ya saa 24 fungua. Siku hii ya kwanza ina thamani kuliko zote, maana mmea umelegea na bado haujakakamaa, kwa hiyo majani yaliyolala vibaya yanyooshe sasa. Kesho yake yatavunjika. Badilisha karatasi zote za kunyonya. Rudia kila siku kwa siku nne, kisha kila baada ya siku mbili. Kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, siku 7 hadi 10 hutosha kwa mimea mingi. Wakati wa mvua, bila moto, hesabu wiki mbili hadi tatu. Karatasi zilizolowa zianike, zitumike tena.

Mimea minene yenye majani ya maji hukaidi. Inaweza kukaa ndani ya kibanio wiki nyingi ikiwa hai, hata ikatoa machipukizi. Ichovye majani na shina kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, ukiweka maua nje ya maji, kisha uipanguse na kuibana. Maji ya moto huua chembe hai zinazoshikilia unyevu. Viazi na mizizi minene ipasue katikati.

Wakati wa mvua msaada mkubwa ni mbabula, yaani jiko la makaa. Simamisha kibanio kwa ubavu wake juu ya mawe au fremu ya chuma, mifereji ya kartoni ikitazama chini na juu. Weka mbabula yenye makala machache yaliyokwisha kuwa mekundu, sentimita 70 au zaidi chini ya kibanio. Hewa ya moto hupanda ndani ya mifereji na kutoka na unyevu juu. Joto linalotakiwa ni nyuzi 40 hadi 45, yaani kiganja chako kikae chini ya kibanio bila kukuchoma muda wote unaotaka. Likizidi, majani huwa kahawia na kuvunjika kama chipsi. Likiwa dogo sana, unapasha ukungu joto. Kwa njia hii mimea mingi hukauka kwa siku mbili au tatu. Fanya kazi hii barazani au chini ya paa lisilo na kuta, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa. Makala hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo imeua watu usingizini. Usiondoke ukaacha moto na karatasi peke yake, wala usiuwashe usiku mkiwa mmelala.

Utajuaje kwamba mmea umekauka? Uguse kwa shavu au mdomo. Ukihisi ubaridi, bado una maji. Uinue kwa shina: ukibaki umenyooka kama kadi, tayari. Ukiinama, urudishe.

Mimea ya ziwani na mwani

Mwani ndio uliomletea Hutchins sifa, na kwa mwani kibanio cha kawaida hakifai. Ukiutoa majini unaanguka na kushikana kama nywele zilizolowa, na umbo lote limepotea. Dawa ni kuupanga ukiwa bado unaelea. Kando ya Kivu fanya vivyo hivyo kwa nyuzi za kijani zinazoshika mawe, na kwa majani laini yanayoota chini ya maji.

Osha mmea kwanza kwa maji ya mvua. Maji ya Kivu yana chokaa nyingi, ile inayoacha ganda jeupe juu ya mawe ya ufukweni, na ukikausha bila kuosha utapata unga mweupe juu ya sampuli. Jaza besani pana maji safi, kina cha sentimita 4. Andika namba kwa penseli kwenye pembe ya karatasi nene nyeupe, ile ya kuchorea, siyo ya kopi, kwa sababu ya kopi hulegea na kupasuka. Ingiza karatasi majini, na juu yake weka kipande kidogo cha mmea. Wanaoanza huweka kingi mno. Kiasi cha kujaza nusu ya kiganja kinatosha.

Sasa panga matawi kwa kijiti cha kuchokolea meno au brashi laini, polepole, mpaka kila tawi lionekane. Kisha inua karatasi kwa kuanzia upande wa shina, ikiwa imeinama kidogo, ili maji yatiririke kuelekea ncha za matawi na kuyanyoosha yenyewe. Ukiiinua ikiwa bapa, maji yatamwagika pande zote na kuburuta kila kitu. Ikiharibika, irudishe majini uanze upya, hakuna kilichopotea. Iegemeze dakika 10 idondoke.

Ilaze juu ya karatasi za kunyonya, na juu ya mmea tandika kipande cha kitambaa laini cha nailoni, kama cha pazia jepesi. Kitambaa hiki ndicho siri. Mwani wenyewe hutoa utelezi unaougandisha kwenye karatasi yake bila gundi, lakini utelezi huohuo utaugandisha pia kwenye karatasi ya juu, na siku ya kufungua utapasuka vipande viwili. Nailoni haishiki. Usitumie pamba yenye manyoya. Juu ya kitambaa weka karatasi za kunyonya, kisha ubao na jiwe la kilo 2 au 3. Mikanda ya kukaza itauponda mmea. Badilisha karatasi za kunyonya baada ya saa tatu, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili, kisha mara moja kwa siku. Kitambaa kisiondolewe hadi kila kitu kikauke. Moto wa mbabula usitumike hapa, maana karatasi itajikunja na mmea utabanduka.

Rangi itafifia hata ukifanya yote sawasawa. Ndiyo maana Hutchins alichora. Chora mmea ungali majini, kwa ukubwa wake halisi kama inawezekana, uweke mstari wa sentimita pembeni, na kipande kimoja ukichore kama kinavyoonekana kwenye lenzi. Picha ya simu inasaidia, lakini kuchora hukulazimisha kuhesabu matawi na kuona kama yanaota mawilimawili au kwa zamu, jambo ambalo mpiga picha hulipita bila kuliona.

Mosi na kuvumwani

Hizi ni rahisi mno, na ni ajabu kwamba wachache huzikusanya. Kibanio hakihitajiki. Bandua kipande cha mosi cha ukubwa wa kiganja, toa udongo, na ukitie kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa namba. Plastiki usitumie, kwani mosi utaoza kabla ya Jumapili. Bahasha iache wazi mahali penye upepo kwa siku tatu hadi tano, basi. Tafuta kipande chenye vile vijiti vyembamba vilivyobeba vikombe vya mbegu-vumbi juu, maana kwa hivyo ndivyo aina nyingi hutambuliwa. Mosi mkavu ukiutonea tone la maji, majani yake hufunguka tena ndani ya dakika chache kama yalivyokuwa porini, hata baada ya miaka mingi. Hepatika, ndugu zake wanaopenda kingo za vijito na kuta zenye majimaji, zinakusanywa vilevile. Mmoja wao, Jubula hutchinsiae, unabeba jina la dada huyu wa Bantry mpaka leo.

Kuvumwani, yale magamba ya kijivu, ya njano au ya rangi ya machungwa kwenye magome na mawe, ikiwa kavu huvunjika. Ilowanishe kidogo, subiri ilegee, kisha uikate pamoja na gome jembamba linaloibeba, bila kuzunguka shina lote la mti. Mivoka, yaani miparachichi, ya zamani na kuta za matofali ni mahali pazuri pa kutafuta. Kwenye mikaratusi hupati sana, kwa sababu inaambua magome yake kila mara. Andika jina la mti ulioibeba.

Kubandika, kutunza na kupeleka

Karatasi ya kubandikia iwe nene, takriban sentimita 28 kwa 42. Mmea ushikwe kwa vipande vyembamba vya karatasi vyenye gundi nyeupe ya maji, na shina nene lishonwe kwa uzi. Skochi isitumike hata mara moja: inageuka njano, gundi yake huingia kwenye mmea, kisha inabanduka. Lebo ikae pembe ya chini kulia, na isomeke hivi:

Namba 47. RDC, Kivu Kusini, Bukavu, Muhumba, ukingo wa ziwa, kati ya mawe yenye kivuli. Vipimo vya mahali. Mita 1,465. 14-III-2025. Mmea wa sentimita 40, ua jeupe lenye koo la njano, utomvu hakuna. Jina la kienyeji na lugha yake. Jina lako kamili.

Mwezi kwa tarakimu za Kirumi ni desturi ya wataalamu wa mimea, na ina maana: 3-4-2025 mmoja atasoma Aprili, mwingine Machi. Jina la kisayansi likiwa halijulikani, acha nafasi. Sampuli isiyo na jina lakini yenye mahali na tarehe ina faida. Yenye jina zuri lakini haijulikani ilitoka wapi ni pambo tu.

Adui wa baadaye ni vidudu, hasa kibungo mdogo wa kahawia anayekula pia tumbaku na unga. Funga mimea ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, uiweke kwenye friza nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Umeme ukikatika mpaka barafu ikalegea, hesabu ianze upya. Ukiitoa, iache imefungwa saa 24 kwanza, la sivyo umande utatua juu ya mimea. Kisha itunze kwenye sanduku la bati linalofunga vizuri, lililoinuliwa kutoka sakafuni. Na ukiwahi kushika sampuli za kale sana mahali popote, nawa mikono, kwa kuwa zamani ziliwekewa chumvi ya zebaki, ambayo ni sumu.

Hebaria ya karibu iko kwenye kituo cha utafiti cha CRSN Lwiro, teritwari ya Kabare. Wasiliana nao kabla ya kupeleka. Usibandike nakala unayowapa. Iache ndani ya karatasi yake iliyokunjwa, pamoja na lebo. Panga karatasi 15 hadi 20 kati ya kartoni mbili ngumu, funga kwa kamba pande zote mbili, tia ndani ya plastiki, na nje kartoni tena, maana njiani mzigo hukaliwa. Juu kabisa, ndani ya plastiki, weka orodha ya namba, na nakala ya orodha hiyo ibaki kwenye daftari lako. Wakikuandikia kwamba namba 47 ni aina fulani, utafungua sanduku lako na kuandika jina hilo kwenye kipande kipya cha karatasi, pamoja na jina la aliyelitambua na mwaka, na kukibandika juu ya lebo ya kwanza bila kuifuta.